Paka Mzee Mwenye Maradhi ya Sukari

Katika miji ya pwani yetu, tangu Lamu mpaka Unguja, paka ni mwenyeji wa nyumba. Huingia jikoni bila ya kubisha hodi, hulala juu ya mkeka, wala hanyimwi kichwa cha samaki. Sheria nayo imetusahilishia kukaa naye. Imepokewa kutoka kwa Kabsha binti Kaab bin Malik kwamba baba mkwe wake, Abu Qatada, alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu mpaka akanywa. Bibi huyo alipomtazama kwa mshangao, alimweleza kuwa Mtume (s.a.w.) amesema paka si najisi, kwani ni miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani.

Lakini mkojo wa paka si kama mate yake. Mkojo ni najisi, na hapo ndipo mashaka ya paka mzee yanapoanzia. Paka ambaye kwa miaka 10 alikwenda kufukia haja yake mchangani huanza ghafula kukojoa pembeni mwa chumba, chini ya kitanda, na pengine juu ya msala. Mama wa nyumba hufua, husuuza, hufua tena. Watu husema kazeeka, kaharibika tabia. Mwisho wake hutiwa guniani akaenda kutupwa kwenye soko la samaki, na yeye aliyezoea kulishwa kwa mkono hujikuta kati ya mapaka wenye nguvu kumshinda. Twasema waziwazi kwamba jambo hili ni ovu, na mara nyingi halina hata haja. Yumkini paka huyo hakuharibika tabia. Ana maradhi ya sukari, nayo yana dawa.

Maradhi haya kwa paka hushabihiana sana na yale yanayowapata watu wazima. Kongosho hutoa insulini, na insulini ndiyo inayoufungulia mwili njia ya kuitumia sukari iliyomo katika damu. Paka akishakuwa mtu mzima, na hasa akiwa mnene, mwili wake huanza kuipinga insulini hiyo, na kongosho nalo huchoka. Madume waliohasiwa, wasiotoka nje wala kuwinda, hupatwa zaidi. Sukari ikipanda katika damu yake hata kupita kadiri ya milimoli 15 kwa lita, figo hushindwa kuizuia, ikatoka pamoja na mkojo. Nayo haitoki peke yake, bali huvuta maji. Kwa hiyo paka hukojoa sana, na kwa kukojoa sana huona kiu, na kwa kuwa chakula hakimfikii mwilini hula sana huku akikonda. Waganga wa kale wa Bara Hindi waliijua ishara ya sisimizi kujikusanya penye mkojo wa mgonjwa wa sukari. Mwenye paka naye aitazame ishara hiyo. Ugonjwa ukikaa muda mrefu mishipa ya fahamu hudhurika, na paka huanza kutembea akikanyagia kisigino, miguu ya nyuma ikilala chini.

Njia nyepesi ya kuhakikisha ni kuyapima maji yake. Yapimeni asubuhi kwa chombo chenye alama, kisha yapimeni yaliyobaki asubuhi ya pili. Paka wa kilo 4 akinywa zaidi ya mililita 400 kwa siku, hapana shaka kuna jambo. Lakini kiu haithibitishi sukari peke yake, maana figo mbovu nazo huleta kiu, na mgonjwa wa tezi ya shingo naye hula sana akakonda. Hivyo hapana budi daktari wa wanyama apime damu na mkojo. Tena paka aliyetishika hupandisha sukari kwa hofu tu, na paka gani asiyetishika akifungwa kikapuni na kupelekwa kwa mgeni mwenye sindano? Daktari mjuzi hupima vilevile kitu kiitwacho fruktosamini, kinachoonyesha hali ya sukari kwa wiki moja au mbili zilizopita, wala si ya saa ile moja.

Dawa iliyo mashuhuri ni insulini, mara 2 kwa siku, chini ya ngozi. Hapa Mwislamu ana swali lake, na ni swali la haki. Tangu mwaka 1922, kijana wa kwanza alipodungwa insulini mjini Toronto, kwa miaka mingi dawa hii ilitolewa katika makongosho ya ng'ombe na nguruwe. Mpaka leo baadhi ya insulini za wanyama, kama ile iitwayo Caninsulin, hutokana na nguruwe. Lakini ziko nyingine zisizotokana naye. Tangu mwaka 1982 imeruhusiwa insulini ya namna ya binadamu inayotengenezwa kwa vijidudu katika kiwanda, na katika jamii hiyo imo glargine, ambayo madaktari wengi huichagua kwa ajili ya paka. Basi neno la kwanza la kumwambia daktari ni hili: tupe isiyotokana na nguruwe. Ikiwa katika mji wenu haipatikani ila ile, mwendeeni mwanachuoni mnayemtegemea mumweleze hali ilivyo. Kumwacha mnyama anadhoofu kwa sababu ya swali ambalo hamjamwuliza mtu si uchaji.

Kumdunga paka ni jambo jepesi kuliko watu wanavyodhani. Sindano yake ni nyembamba mno. Huinuliwa ngozi ya ubavuni kwa vidole viwili naye yuko sahanini anakula, na aghalabu hata hageuki. Hatari iko kwenye bomba la sindano. Insulini nyingine zina vipimo 40 katika mililita moja, nyingine vipimo 100, na kila moja ina bomba lake. Mtu akivuta dawa ya 100 kwa bomba la 40 hadi alama ya kwanza, amempa paka vipimo 2 na nusu badala ya kimoja, na hilo laweza kumwua. Chupa na bomba vinunuliwe pamoja, na namba zake zisomwe kila mara. Chupa isigande kwa barafu wala isiachwe kwenye joto. Anayekaa pasipo na friji amwulize daktari juu ya kuihifadhi katika chungu cha udongo kinacholowanishwa kwa maji, kama wafanyavyo wagonjwa wengi katika nchi za joto. Sindano zilizotumika zitiwe katika chombo kigumu chenye kifuniko, mbali na watoto.

Chakula ni nusu ya dawa. Paka ameumbwa mla nyama, na wali, ugali na mkate tunaomchanganyia ili kitoweo kitoshe ndivyo vinavyompandishia sukari. Biskuti za paka za dukani nazo nyingi zina wanga si haba. Apewe kuku, nyama, yai, samaki aliyepikwa na kutolewa miba, au chakula cha kopo chenye nyama nyingi. Lakini asilishwe samaki tu siku zote, kwani samaki peke yake hamtimizii haja za mwili. Aliye mnene apunguzwe polepole. Kumshindisha njaa paka ni hatari, maana akikaa siku chache bila ya kula ini lake hujaa mafuta. Na mkigeuza chakula mwambieni daktari kwanza, kwa sababu paka akiacha wanga huenda kipimo cha jana kikawa kingi kwake leo.

Sindano zataka saa 12 kati ya moja na ya pili, na jambo hili limetuafiki sisi wa karibu na Ikweta. Saa 12 asubuhi, baada ya Sala ya Alfajiri, na saa 12 jioni, kabla ya adhana ya Magharibi, ni nyakati ambazo watu wamo nyumbani mwaka mzima. Ndugu zetu wa London wasiifuate adhana katika jambo hili, bali waifuate saa ya ukutani, kwa kuwa Magharibi yao huingia karibu na saa 10 jioni katika Desemba na baada ya saa 3 usiku katika Juni. Mwezi wa Ramadhani nyumba hubadilisha nyakati za chakula, lakini paka hana saumu. Abaki na saa zake.

Linalopaswa kuogopwa kuliko sukari kupanda ni sukari kushuka mno. Paka hulegea, huyumba kama mlevi, hutetemeka, na mwisho huanguka kifafa. Akiweza kumeza apewe chakula upesi. Akishindwa, apakwe asali au maji ya sukari kwenye ufizi, kidogo kidogo, asipaliwe, na apelekwe kwa daktari saa ile ile. Asubuhi ambayo paka amekataa kula au anatapika, msimdunge kabla ya kumwuliza daktari.

Malipo ya taabu hii huonekana. Sukari ikirudi chini, mkojo hupungua, na nyumba ikapata tohara yake. Paka wengine wanaotibiwa mapema na kuachishwa wanga hufika hadi wakaacha insulini kabisa, ingawa huendelea kuangaliwa, kwani ugonjwa waweza kurudi. Viko pia vidonge na dawa ya kunywa vilivyoruhusiwa Marekani katika miaka ya 2022 na 2023, lakini havimfai aliyekwisha kutumia insulini, na huhitaji uangalizi wa karibu.

Gharama hatuzifichi, kwa nyumba nyingi ni nzito. Lakini wanachuoni wameandika juu ya nafaka ya mnyama katika mlango mmoja na nafaka ya jamaa, na sote twaijua Hadithi ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa paka aliyemfunga, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Hiyo imo katika Bukhari na Muslim. (Ama kisa cha Mtume kukata mkono wa kanzu yake ili asimwamshe paka aitwaye Muezza, wapendavyo watu kukisimulia, hakimo katika vitabu vya Hadithi vinavyotegemewa, wala hatukihitaji.) Asiyeweza gharama na amtafute wa kushirikiana naye, au ampe paka mwenye uwezo, huku akimweleza ugonjwa wake.

Na anayesafiri, iwe kwa Hija au kwa harusi, amfundishe atakayebaki kwa siku 3 kabla ya kuondoka, yeye mwenyewe akitazama. Kipimo kiandikwe katika karatasi pamoja na saa, na kila anayedunga atie alama. Akiwa na shaka kama amedunga au hakudunga, asidunge tena. Angoje wakati unaofuata.