Ziara Yangu Kaya Kinondo

Likizo ya Aprili nilifunga safari kutoka Bute kwenda Ukunda, Kwale, kumtembelea mjomba. Wajir, Garissa, Mombasa, kisha feri ya Likoni. Mifupa yote iliniuma! Huko ndiko nilikopelekwa kuona Kaya Kinondo, nami nataka kukueleza mahali hapo, maana wengi wetu hudhani msitu ni kuni tu.

Kaya maana yake ni makao. Wazee wa Mijikenda husimulia kuwa babu zao walitoka Singwaya, upande wa kaskazini, wakifukuzwa na Wagalla. Wakajenga vijiji katikati ya misitu ili adui asiwaone. Hata walipohamia nje, msitu hawakuukata. Makaburi ya wazee yamo humo, na pia fingo, yaani kago lililofukiwa ardhini kuulinda mji. Kinondo ni kaya ya Wadigo, kama hekta 30 hivi, juu ya mwamba wa matumbawe karibu na bahari. Mwaka 1992 serikali iliufanya msitu huo kumbukumbu ya taifa, na mwaka 2008 UNESCO ikauingiza katika urithi wa dunia pamoja na kaya nyingine.

Huingii hivi hivi. Nilifungwa kitambaa cheusi kiunoni, na mzee aliyetuongoza akapiga hodi kwa wahenga. Ndani kuna giza la kijani na mbega wanaruka juu. Mti ukianguka wakati wa masika huachwa uozee papo hapo. Sheria kubwa ni moja: usitoe kitu, hata jani kavu.

Sasa nikuambie ukweli. Niliokota mbegu moja nikaitia mfukoni. Kwetu wakati wa bona miti hubaki mifupa mitupu, nikawaza nitaipanda nyuma ya darasa letu. Moyo ukawa unanidunda njia nzima.

Tulipopumzika mzee akaniuliza, "Kijana, watoka wapi?"

"Bute, mzee. Nyumbani twasema Kiborana."

Nilijua nimejichoma mwenyewe, kwani Wagalla ndilo jina la zamani walilopewa Waoromo, na Waborana ni Waoromo. Mzee alicheka mpaka akakohoa.

"Kumbe ni nyinyi mliotufukuza! Haidhuru, leo umekuja kwa hodi."

Hapo nikashindwa. Nilitoa mbegu nikamwonyesha. Hakunigombeza. Alinirudisha mwendo mrefu hadi pale nilipoiokota, akasimama kando mpaka nikaiweka chini ya mti wake. Mjomba alikuwa amenuna, jua lilikuwa linakuchwa.

Tulipotoka nilifungua kile kitambaa nikakirudisha. Mzee akaniuliza kama kwetu kuna miti ambayo haikatwi. Nilitaja ile mikubwa ya kisimani, ambayo wazee huketi chini yake wakigawa zamu za kunywesha ngamia. Akataka kujua imebaki mingapi. Sikuwahi kuihesabu.