Filamu za Kisangani, tuzo za mbali: nani anapiga kura?

Mwaka 1951 kikosi cha sinema kutoka Uingereza na Marekani kilifika upande wa Ponthierville, mji ambao leo tunaita Ubundu, kusini ya Kisangani. Kando ya mto Ruiki, ndani ya pori, mwongozaji John Huston alipiga picha za sehemu ya filamu The African Queen. Watu wengi wa kikosi waliugua tumbo juu ya maji. Mwaka uliofuata, huko Los Angeles, Humphrey Bogart aliyecheza nahodha mlevi wa mashua ile chakavu akapewa Oscar ya mwigizaji bora. Ni Oscar moja tu aliyoipata maisha yake yote.

Mpaka leo wapenzi wa sinema wanabishana juu ya usiku ule. Mpinzani wa Bogart alikuwa kijana Marlon Brando, katika A Streetcar Named Desire. Tuzo za waigizaji zilikuwa nne. Tatu zilichukuliwa na wenzake Brando wa filamu ileile, yeye peke yake akatoka mikono mitupu. Wengi wanaona Brando aliigiza kwa namna ambayo sinema ilikuwa haijaizoea bado, na Bogart alilipwa deni la miaka mingi ya kazi. Wengine wanajibu kwamba nahodha yule wa Ruiki alistahili.

Je, kuna njia ya kujua nani ana haki? Hapana, na sababu yake ni kwamba Oscar haisahihishwi kama Examen d'État. Hakuna asilimia ya kupita wala mtahini mwenye majibu sahihi kwenye karatasi. Ni kura, sawa vile tunavyochagua wabunge, na kura ina mambo yake: urafiki, huruma, mtu aliyesubiri muda mrefu, studio yenye pesa ya kampeni.

Wapiga kura ni wanachama wa Akademi ya sinema ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1927. Leo ni karibu elfu 10: waigizaji, waongozaji, wapiga picha, watu wa sauti na kadhalika. Kwa kawaida kila fani inateua watu wa fani yake, kisha wanachama wote wanapiga kura ya mwisho. Katika vipengele vingi, anayepata kura nyingi kuliko wenzake anashinda, hata kama hakufika nusu. Kura zikigawanyika kwa watano, mtu anaweza kushinda wakati wengi wa wapiga kura hawakumtaka.

Kwa filamu bora ya mwaka hesabu ni nyingine. Tangu sherehe ya mwaka 2010 kila mwanachama anapanga filamu kwa ngazi: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Filamu yenye kura chache za kwanza inaondolewa, na karatasi zake zinahamia kwa chaguo linalofuata, mpaka moja ipite nusu. Kwa hiyo filamu inayopendwa kidogo na wengi inaweza kuipita ile inayopendwa sana na kundi moja na kuchukiwa na kundi lingine. Ukisikia mtu anasema "Oscar inapewa filamu isiyomkasirisha mtu", hajakosea sana.

Na kuna jambo ambalo watu wengi hawaamini wakilisikia. Ni mwaka 2025 tu Akademi ilitangaza kwamba, kuanzia tuzo za 2026, mwanachama lazima awe ameangalia filamu zote zilizoteuliwa katika kipengele kabla ya kukipigia kura. Mbele ya hapo, katika vipengele vingi, mtu aliweza kuchagua kati ya filamu tano huku ameangalia mbili. Kwa miaka yote ile!

Kisangani ina kesi nyingine ya zamani, na pengine hii ni nzito zaidi. Mwaka 1958 Fred Zinnemann alikuja Stanleyville na Audrey Hepburn kupiga picha za The Nun's Story, hadithi ya masista wauguzi katika Kongo ya Wabelgiji. Walifika pia Yakusu, chini kidogo ya mji kwa njia ya mto. Filamu iliteuliwa kwa Oscar 8, haikupata hata moja. Mwaka ule Ben-Hur ilifagia: ilichukua 11 kwa jumla, na sita kati ya hizo ni katika vipengele vilevile 8 vya Hepburn na wenzake. Mbili zilizobaki zilienda kwa filamu ya Uingereza, Room at the Top. Mashindano ya magari ya farasi yalishinda macho ya mwanamke anayeacha nadhiri yake. Unaweza kubisha, na wako wanaobisha mpaka sasa.

Lakini kwa mtu wa Makiso ao wa Lubunga, swali la kwanza lingekuwa lingine. Katika filamu hizo mbili mto ni wetu na pori ni letu, ila wanaozungumza karibu wote ni wageni. The African Queen hata haisemi habari za Kongo: hadithi yake imewekwa katika koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, mwaka 1914. Ruiki iliazimwa uso tu.

Je, mambo yamebadilika tangu Wakongomani waanze kusimulia wenyewe? Ndiyo, kwa sehemu. Tuchukue kipengele cha filamu ya kimataifa. Sheria inasema kila nchi inatuma filamu moja tu, iliyochaguliwa na kamati ya nchi hiyo ambayo Akademi imeikubali. Filamu lazima iwe imeonyeshwa siku 7 mfululizo katika ukumbi wa kulipia, nje ya Marekani. Ukumbi wa kulipia, siku saba! Kwa nchi ambayo watu wake wengi wanaangalia filamu kwenye simu, kwa jirani mwenye televisheni ao kwenye kibanda cha video, hilo peke yake ni mlango mwembamba.

Njo maana Kongo inaonekana huko chini ya bendera za wengine. Félicité, iliyopigwa Kinshasa kwa Lingala na kuigizwa na Véro Tshanda Beya, ilipelekwa Oscar na Senegal, juu mwongozaji wake Alain Gomis ana asili ya huko. Ilifika kwenye orodha ya filamu 9 za mwisho, ikaishia hapo. Augure ya Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, ilipelekwa na Ubelgiji mwaka 2023. Na mwaka 2025 Soundtrack to a Coup d'Etat, juu ya kuuawa kwa Lumumba, mtu aliyeanzia siasa zake hapa Kisangani, iliteuliwa kwa filamu bora ya ukweli. Mwongozaji wake, Johan Grimonprez, ni Mbelgiji. Ilishindwa na No Other Land, kazi ya Wapalestina na Waisraeli juu ya vijiji vinavyobomolewa. Hapo kubisha ni kugumu: nani angependa kupima kilio kimoja na kingine kwenye mizani?

Tamasha kama Cannes, Berlin ao FESPACO ya Ouagadougou ni jambo jingine kabisa. Huko hakuna maelfu ya wapiga kura. Ni juri ya watu wachache wanaokaa siku kumi hivi, wanaangalia filamu zote za mashindano, kisha wanajifungia chumbani na kukata shauri. Ubaya wake ni kwamba ukibadilisha watu wawili ao watatu wa juri, mshindi naye anaweza kubadilika. Mwaka 2017 Félicité ilipata Dubu wa Fedha, Tuzo Kuu ya juri ya Berlin. Dubu wa Dhahabu alienda kwa filamu ya Hungaria, On Body and Soul. Wiki chache baadaye, Ouagadougou, juri nyingine ikaipa Félicité tuzo ya juu kabisa, Farasi wa Dhahabu wa Yennenga.

Katika Berlin ileile kulikuwa na filamu ya mtoto wa Kisangani. Dieudo Hamadi alizaliwa hapa mwaka 1984, alisomea mambo ya tiba kabla ya kushika kamera, na mwaka 2014 alikuwa ametoa Examen d'État, juu ya wanafunzi wa mji huu wanaohangaika na mtihani. Maman Colonelle inamfuata Kanali Honorine Munyole wa polisi, anayehamishwa kutoka Bukavu kuja Kisangani kulinda wanawake na watoto. Mbona haikushindania Dubu? Kwa sababu iliwekwa katika sehemu ya Forum, na Forum haishindanii Dubu wale wakubwa. Kabla ya juri kukaa, tayari kuna watu waliokwisha kuamua nani anaingia mlango gani. Mabishano mengi ya tuzo yanasahau hatua hiyo. Mwezi uliofuata Maman Colonelle ikapata Tuzo Kuu ya Cinéma du Réel, Paris.

Kisha ikaja En route pour le milliard. Ni hadithi ya wahanga wa Vita ya Siku Sita, tangu tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, wakati majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana kwa mizinga katikati ya mji wetu. Watu waliopoteza miguu na mikono wanapanda mashua, wanateremka mto kwa zaidi ya kilomita 1,700 mpaka Kinshasa kudai fidia. Iliingia katika uteuzi rasmi wa Cannes mwaka 2020, na magazeti yaliandika kwamba ni mara ya kwanza kwa filamu kutoka Kongo. Bahati gani hiyo! Mwaka ule ule Covid ilifuta tamasha: juri haikukaa, Palme haikutolewa. Filamu 56 zilipewa alama ya Cannes, basi. Mwisho wa mwaka Leipzig, Ujerumani, ikaipa Njiwa wa Dhahabu.

Wako wanaosema Njiwa halishi mtu, na kwamba wahanga wanapigiwa makofi ugenini wakati nyumbani hawalipwi. Wengine wanajibu kwamba bila sinema Vita ya Siku Sita ingebaki mstari mmoja katika ripoti. Wote wana sehemu yao ya ukweli, lakini kuna tofauti ya kazi: juri ya Leipzig ilipima filamu, haikupima deni. Deni lilipimwa La Haye. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua Uganda ilipe Kongo dola milioni 325, milioni 65 kila mwaka kwa miaka mitano, kwa hasara zote za vita vile nchini, si za Kisangani peke yake. Jina la filamu linasema bilioni. Kwa upande wa Rwanda, mahakama hiyohiyo ilikwisha kusema mwaka 2006 kwamba haina uwezo wa kusikiliza kesi ya Kongo.