Amana Ndani ya Tangi la Kioo



Mtu akimfunga kiumbe, amejitwika uhai wake. Neno hili tumelisomesha miaka mingi chuoni kabla ya kulijua maana yake sawasawa, na aliyetujulisha ni mtoto wa miaka kumi. Leo twapenda kuwahadithia wazazi na vijana habari ya tangi letu la kwanza la samaki wa mapambo, na hasa habari ya kichujio chake. Siku hizi majumba mengi yana matangi kama hayo, na samaki wengi hufa katika majuma ya mwanzo, si kwa kukosa chakula, bali kwa sababu mwenye kuwafuga hakuijua kazi ya kichujio.

Kuweka samaki nyumbani si jambo geni kwetu watu wa pwani. Katika nyumba za zamani za Lamu, birika la kuogea lilikuwa likitiwa visamaki vidogo, navyo vikala viluwiluwi vya mbu, maji yakasalimika. Na wala sheria haimkatazi mtu kufuga kiumbe kwa mapenzi, akimtimizia haki zake. Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akimtania Abu Umayr, mtoto mdogo, nduguye Anas bin Malik, kwa habari ya kindege alichokuwa akikichezea, na wanavyuoni wametoa katika hadithi hiyo ruhusa ya kumweka ndege kizuizini, maadamu hateswi. Lakini Mtume (s.a.w.) huyo huyo ametupa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Basi ruhusa na onyo vyote viwili vipo, na mwenye akili huvishika vyote pamoja.

MSIBA WETU

Katika mwezi wa Mfungo Mosi uliopita, wanafunzi wetu walikusanya fedha zao za sikukuu, wakatuomba tuwanunulie tangi liwekwe barazani mwa chuo. Tukaona ni jambo jema, watoto wapate kuzingatia viumbe vya Mwenyezi Mungu. Tukanunua tangi la sentimita 60 urefu, 30 upana na 30 kimo, ambalo likijazwa pomoni huchukua lita 54. Tukanunua na kichujio cha sifongo, na pampu ndogo ya hewa ya kukiendesha, na samaki gapi kumi na wawili wenye mikia ya rangi. Siku ya pili tu tukawatia wote majini.

Hapo tulifanya makosa matatu, na hatuoni haya kuyataja, ikiwa yatamnusuru mwingine. La kwanza ni hiyo haraka. La pili, kila usiku baada ya sala ya Isha tulikuwa tukiizima pampu mpaka alfajiri, tukidhani twaokoa umeme wa chuo. La tatu, siku ya kumi tuliiona sifongo imegeuka rangi ya udongo, tukaichukua bombani tukaifua mpaka ikarudi kama mpya, tukafurahi kwa usafi wake. Asubuhi ya kumi na mbili, tulipotoka kusali, tuliwakuta samaki saba wanaelea, na waliobaki wako juu ya maji wakitweta.

Watoto walipokuja, tuliwaambia kwamba ajali haina kinga, na kila nafsi itaonja mauti. Mmoja wao, aliyetoa fedha zake zote za sikukuu, alinyamaza kitambo kisha akauliza: “Maalim, yule paka alifungwa akanyimwa chakula. Sisi chakula tuliwapa. Je, na hewa?” Hatukuwa na jawabu. Tukajua kwamba tumekitaja kadari mahali ambapo tulipaswa kutaja uzembe wetu. Tukawaambia watoto wazi kuwa kosa ni letu sisi, si lao, na wala si la samaki. Na jioni ile tukaenda kwa kijana mmoja tuliyemsomesha zamani, ambaye ana matangi nyumbani kwake, tukakaa mbele yake kama yeye alivyokuwa akikaa mbele yetu.

KAZI YA KICHUJIO

Sisi tulidhani kichujio ni kama kitambaa cha kuchujia tui, kazi yake kuzuia machicha tu. Kumbe hiyo ni kazi yake ndogo. Kazi yake kubwa haionekani kwa macho.

Samaki huvuta hewa na kula na kutoa taka, na taka yake kubwa ni amonia, ambayo huitoa zaidi kwa njia ya mashavu. Chakula kilichobaki nacho kikioza hutoa amonia. Mtoni au ziwani maji ni mengi, na amonia hiyo haihesabiki. Lakini ndani ya lita 50 hujikusanya siku baada ya siku, nayo ni sumu inayounguza mashavu ya samaki. Maji huweza kuwa meupe kama ya mvua, na ndani yake muna mauti.

Mwenyezi Mungu, Mtukufu, amejaalia bakteria wadogo mno ambao riziki yao ni amonia hiyo hiyo. Kundi moja huigeuza amonia kuwa nitriti, nayo bado ni sumu. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni machache na mimea huipenda kama mbolea. Mtaalamu wa Kirusi, Sergei Winogradsky, ndiye aliyewadhihirisha bakteria wa namna hii katika udongo mnamo mwaka 1890, na kazi yao ndani ya tangi ni ile ile. Hawaelei majini kwa wingi, bali hushikamana na vitu: mawe, changarawe, kioo, na zaidi ya yote sifongo ya kichujio, kwa kuwa ina vitundu vingi na maji yapita ndani yake saa zote yakiwaletea chakula na hewa.

Basi tazama makosa yetu sasa. Bakteria hawa huchukua majuma manne hadi sita kukaa na kuongezeka, nasi tuliwatia samaki siku ya pili. Wanahitaji oksijeni, nasi tuliikata kila usiku. Na maji ya bomba hutiwa klorini ya kuulia vijidudu, nasi tukawafua ndani yake. Ile rangi ya udongo tuliyoichukia ilikuwa ndiyo maskani ya wale waliokuwa wakiwalinda samaki wetu.

Na huo umeme tuliouokoa? Pampu yetu yatumia wati 3. Kuizima saa tisa kila usiku kwa mwezi mzima hakuokoi hata uniti 1. Viumbe saba walikufa kwa uchumi wa namna hiyo.

NAMNA YA KUKIWEKA

Anayetaka kuanza, na afuate taratibu hii tuliyofundishwa, nasi tumeijaribu.

Kwanza, liweke tangi mahali palipo imara na sawa, pasipopigwa na jua. Tangi letu likijaa, pamoja na changarawe, lazidi kilo 60. Si la kuwekwa juu ya kijimeza cha miguu miembamba. Osha changarawe kwa maji matupu mpaka maji yatoke meupe. Sabuni isiguse kitu chochote cha tangi.

Pili, maji ya bomba yaache katika ndoo wazi kwa muda wa siku moja, klorini ipate kutoka. Iko miji ambayo hutia dawa nyingine iitwayo kloramini, nayo haitoki kwa kukaa wazi. Huko hapana budi kununua dawa ya kuiondoa, inayouzwa na wauza samaki.

Tatu, chukua sifongo, uikamue ndani ya maji mpaka mapovu ya hewa yaishe, isije ikaelea. Iweke chini pembeni, na bomba lake lisimame wima. Unganisha mpira wa hewa na pampu. Hewa ikipanda ndani ya bomba kwa mapovu huyainua maji pamoja nayo, na maji mengine huvutwa kupitia sifongo kushika mahali pake. Ndiyo kazi yote. Hakuna kinachozunguka wala kuharibika upesi, na mapovu yakipasuka juu huyatikisa maji yakapata hewa.

Nne, na hili wengi hulisahau: pampu iweke juu kuliko usawa wa maji. Umeme ukikatika, maji huweza kurudi kwa njia ya mpira yakamwagika sakafuni na kuiharibu pampu, na penye umeme iko hatari. Kama hapana mahali pa juu, tia katika mpira kile kivali kidogo kinachoruhusu hewa kwenda na kukataza maji kurudi. Na waya wa umeme uache ulegee chini ya soketi kisha upande, ili tone la maji lidondoke kabla ya kulifikia tundu la umeme.

Tano, washa, wala usitie samaki. Tia chembe chache za chakula kila siku kama kwamba wako samaki. Chakula kikioza kitatoa amonia, na bakteria watakuja wenyewe. Vipo vipimo vya matone vinavyoonyesha kwa rangi kiasi cha amonia na nitriti. Siku utakapoona vyote viwili vimefika sifuri, na huku waendelea kutia chakula, ndiyo siku ya kuleta samaki. Ukiwa na jirani mwenye tangi la siku nyingi lenye samaki wazima, mwombe kipande cha sifongo yake iliyotumika, uikamue ndani ya tangi lako au uiweke kando ya kichujio; jambo hili hupunguza sana siku za kungoja.

Sita, anza na samaki wawili au watatu, kisha ongeza kidogo kidogo. Gapi, ambaye asili yake ni Amerika ya Kusini, hupenda maji ya joto la nyuzi 24 hadi 27, na huku pwani aghalabu hahitaji kupashiwa moto. Mpe chakula atakachokimaliza kwa dakika mbili.

KUKITUNZA

Pampu isizimwe usiku wala mchana. Kila juma toa robo ya maji, utie mengine yaliyokwisha kukaa. Na maji uliyoyatoa usiyamwage ovyo, yamwagie mimea, kwani yana mbolea. Sifongo ikizibwa, ikamue ndani ya ndoo yenye maji hayo hayo yaliyotoka tangini, mara mbili tatu, basi. Usitafute weupe.

Umeme ukikatika kwa saa nyingi, usiwalishe samaki. Teka maji kwa kopo na uyarudishe kwa kuyamimina kutoka juu kila baada ya muda, yapate hewa. Ukiwaona wanatweta juu, au mashavu yamekuwa mekundu, badilisha sehemu ya maji mara moja kabla ya kutafuta dawa. Na ukichoka kufuga, mpe mwenzio samaki wako. Usiwamwage mtoni wala ziwani, maana wageni hao huzaana wakawadhulumu wenyeji. Nasi tuna wenyeji wa kujivunia: Unguja ina kisamaki chake cha vidimbwi, Nothobranchius guentheri, ambacho mayai yake hustahimili kiangazi ndani ya tope kavu mpaka mvua irudi.

MWISHO WA HABARI

Wale samaki watano waliosalia tuliwapeleka kwa yule kijana wetu, awatunze. Tangi likabaki na maji matupu na mapovu tangu Mfungo Pili. Watoto walikuwa wakipita na kuuliza, “Maalim, bado?” Tukawajibu, “Bado.” Wakaona mwalimu wao akipima maji kila Alhamisi na kuandika daftarini, na twatumaini somo hilo la subira limewaingia kuliko mengi tuliyowatamkia.

Baada ya Idi ya kuchinja vipimo vilionyesha sifuri mara tatu mfululizo. Tukawarudisha wawili, kisha watatu. Usiku wa kwanza, baada ya Isha, mkono wetu ulikwenda kwenye swichi kwa mazoea. Yule mtoto alikuwa amesimama mlangoni, viatu mkononi, anatutazama. Hakusema neno. Tukauondoa mkono, tukafunga mlango, tukawaacha na mapovu yao. Mpaka tuandikapo maneno haya wote watano ni wazima, na wamekwisha kuzaa.

Qur’ani Tukufu imetufunza kwamba kila kilicho hai kimeumbwa kwa maji, na kwamba wanyama na ndege ni umma kama sisi. Basi enyi wazazi, mtoto akiomba tangi, msimkatalie, lakini mwambieni kwanza angoje majuma sita. Akiweza kulingoja tangi lisilo na samaki, huyo amekwisha kuwa mtu wa kupewa amana.

Wabillahi tawfiq.