Kitufe cha Dharura na Atakayeitika: Vigezo vya Kuchagua Vifaa vya Kuvaliwa na Wazee

1. Utangulizi

Kuanguka ni miongoni mwa hatari kubwa zinazowakabili wazee. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 684,000 hufariki kila mwaka kwa sababu hiyo, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Madhara hayatokani na kuvunjika mifupa pekee. Mzee anayelala sakafuni kwa saa nyingi bila kuinuliwa huweza kupungukiwa maji mwilini, kupata vidonda vya mgandamizo na kudhurika misuli na figo. Vifaa vya dharura vya kuvaliwa vilibuniwa ili kufupisha muda huo. Makala hii inaeleza vigezo vya kuvichagua, na inashikilia kwamba uchaguzi uanze na atakayeitika, ndipo kifaa kifuate.

2. Aina za vifaa

Aina ya kwanza ni kidani au bangili yenye kitufe, ambacho hutuma ishara ya redio kwa mashine iliyounganishwa na simu ya nyumbani. Aina ya pili hubeba laini yake ya simu ya mkononi na huweza kuonyesha mahali alipo mvaaji kwa msaada wa setilaiti. Aina ya tatu, zikiwemo baadhi ya saa za kisasa, hutambua kuanguka kwa vitambuzi vya mwendo bila kusubiri kitufe kibonyezwe. Hata hivyo, vitambuzi hivyo huweza kutoa ishara za uongo, na huweza kukosa kumtambua mtu aliyeteleza polepole kutoka kitini.

3. Vigezo vya uchaguzi

Kigezo cha kwanza ni uvaaji. Utafiti uliofanyika Cambridge, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2008, uliwafuatilia watu waliozidi miaka 90. Ulionyesha kuwa wengi wa waliolala sakafuni kwa muda mrefu hawakutumia kengele zao, ingawa kengele zilikuwapo. Kwa hiyo kifaa kinachovuliwa wakati wa kuoga au kulala, au kinachomwonea haya mvaaji mbele ya wageni, hakifai hata kikiwa na ubora gani.

Kigezo cha pili ni mtandao na umeme. Nchini Uingereza, watu wapatao milioni 1.8 hutegemea kengele za aina hii, na kufungwa kwa mtandao wa zamani wa simu za waya, kulikopangwa kukamilika Januari 2027, kumelazimu kengele nyingi kupimwa upya au kubadilishwa. Afrika Mashariki, ambako simu za waya ni chache, aina ya pili ndiyo inayotekelezeka zaidi. Lakini sharti ipimwe ndani ya chumba anacholala mzee, na muda wa chaji ulinganishwe na upatikanaji wa umeme nyumbani.

Kigezo cha tatu ni gharama endelevu. Mpango wa Inua Jamii nchini Kenya umewapa wazee shilingi 2,000 kwa mwezi, na ule wa SAGE nchini Uganda umewapa shilingi 25,000 za nchi hiyo. Ada ya kila mwezi inayomega sehemu kubwa ya fedha hizo itasitishwa mapema, na kifaa kitabaki pambo.

Kigezo cha nne, ambacho ndicho msingi, ni mwitikaji. Pasipo kituo cha kupokea miito usiku na mchana, mwitikaji wa kwanza huwa jirani au jamaa. Kifaa kiweze kupiga namba kadhaa kwa zamu hadi mmoja aitike, na sauti yake itumie lugha anayoijua mzee. Timu za afya za vijiji nchini Uganda na wahudumu wa afya ya jamii nchini Kenya wanaweza kuratibu orodha hiyo, lakini wasihesabiwe kuwa huduma ya uokoaji bila mafunzo, usafiri na malipo. Taarifa za mahali alipo mzee nazo zikusanywe kwa ridhaa yake, kama sheria za ulinzi wa data za Kenya na Uganda za mwaka 2019 zinavyotaka.

4. Hitimisho

Mpango wa umma unaonunua vifaa kabla ya kuandaa waitikaji hununua ukimya. Inapendekezwa kwamba kila zabuni idai jaribio la mwito kamili: kitufe kibonyezwe nyumbani kwa mzee, usiku, na muda uhesabiwe hadi mtu afike mlangoni.