Rubani wa Akiba na Kazi ya Kungoja Simu

Ndugu wanafunzi wa Kibaha na Kisarawe, wekeni daftari na kalamu karibu, maana somo la leo lina hesabu ya saa ndani yake.

Mnaziona ndege zikipita juu ya mihogo na mikorosho yenu, nyingine zikishuka kwenda Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, nyingine zikipanda kwenda Mwanza, Kigoma au Mbeya. Neno rubani mnalijua. Lilianza kuwa neno la bahari, yaani mtu aongozaye chombo kisipande mwamba. Siku hizi limepanda hewani. Lakini leo sitasema habari za rubani aliye hewani. Nitasema habari za yule aliye nyumbani, sare yake imepigwa pasi, mkoba umefungwa, simu iko mkononi, naye hajui kama leo atasafiri au hatasafiri. Huyo ndiye rubani wa akiba.

Akiba ni kitu ulichokiweka kwa siku ya shida. Unga wa akiba hauli leo. Basi kampuni ya ndege nayo huweka watu wa akiba. Chukueni mfano wa ndege ya Dash 8 Q400, ile yenye mapangaboi mawili, ambayo Air Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2016. Huchukua abiria 76. Huendeshwa na marubani wawili, mkuu na msaidizi, na mmoja wao akiamka ana homa, mwenziwe haruhusiwi kwenda peke yake. Asipopatikana mwingine, watu 76 watakaa na mizigo yao: mgonjwa anayekwenda hospitali, mfanyabiashara, mtu anayewahi maziko. Tena hawezi kuchukuliwa rubani yeyote tu. Aliyefundishwa Q400 hawezi kukaa katika usukani wa Boeing 787 mpaka aifunzwe ndege hiyo na kupimwa. Kwa hiyo kila aina ya ndege yahitaji akiba yake.

Akiba ni ya namna mbili. Wengine hungoja uwanjani hapo hapo, wamevaa sare. Wengine hungoja nyumbani, nao hupewa muda wa kufika wakiitwa. Hapa ndipo Kibaha na Kisarawe zinapoingia katika somo letu.

Tuseme rubani mmoja amepewa dakika 90. Anakaa Maili Moja, Kibaha. Atapita Kibamba, Mbezi, Kimara hata Ubungo, ashike Barabara ya Mandela mpaka Tazara, ndipo ageuke kuelekea uwanjani. Njia ya Kimara hadi Kibaha imepanuliwa, daraja la juu la Tazara lilifunguliwa mwaka 2018 na lile la Ubungo mwaka 2021, na usiku wa manane safari ni nyepesi. Saa 1 asubuhi ni jambo jingine. Wenyewe mnalijua kuliko mimi. Mwenzake wa Kisarawe yuko karibu zaidi, maana hushuka Pugu, akapita Gongo la Mboto, akafika. Lakini masika yakikolea, au lori likiharibika katikati ya njia, ukaribu huo haumsaidii sana. Kwa hiyo mtu wa akiba hahesabu kilometa, huhesabu dakika, tena dakika za siku mbaya.

Kuna jambo kubwa kuliko njia, nalo ni usingizi. Tarehe 12 Februari 2009, ndege ya kampuni ya Colgan Air, Q400 kama hizi zetu, ilianguka karibu na mji wa Buffalo, Marekani. Watu 50 walikufa, 49 waliokuwa ndani na mmoja aliyekuwa katika nyumba iliyoangukiwa. Marubani hao hawakuwa wa akiba siku hiyo, lakini kisa chao chatuhusu. Rubani msaidizi alikuwa akikaa upande wa Seattle, na usiku uliotangulia alisafiri nchi nzima, zaidi ya kilometa 3,000, ili afike kazini Newark. Wachunguzi walisema kosa lenyewe lilikuwa jinsi rubani mkuu alivyovuta usukani ndege ilipopungua mwendo mno. Lakini walisema pia kwamba yaelekea uchovu uliwapunguzia wote wawili uwezo wao.

Baada ya msiba huo Marekani ilibadili sheria, na sheria mpya ikaanza kutumika Januari 2014. Rubani wa akiba wa nyumbani hawezi kuwekwa tayari kwa zaidi ya saa 14 mfululizo, na kabla ya hapo lazima awe amepata saa 10 za mapumziko, saa 8 kati yake ziwe nafasi ya kulala bila kukatizwa. Zamu ikianza saa 11 alfajiri, itakwisha saa 1 usiku; basi mapumziko yake yalipaswa kuanza jana yake, saa 1 usiku. Huko huko hairuhusiwi kuruka kabla saa 8 hazijapita tangu kunywa pombe. Mtu asiyejua ataitwa saa ngapi hana budi kuacha kabisa.

Jirani humwona mtu huyu amelala mchana, akamwita mvivu. Harusini haonekani, na akija huondoka kabla ya ngoma. Mkewe akimtuma sokoni Mlandizi hukataa, maana ni kuuacha mji nyuma zaidi. Huenda siku tatu zikapita simu isilie. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu iliyo ngumu: kulala mapema kwa ajili ya safari ambayo pengine haipo. Mkunga wa zamu anaifahamu taabu hiyo.

Sasa andikeni. Simu imelia saa 10 na dakika 20 alfajiri, na rubani amepewa dakika 90. Anahitaji dakika 20 za kuoga na kuvaa, na dakika 55 za njiani. Atafika saa ngapi? Na lori likiziba njia kwa dakika 25, atakuwa amechelewa kwa dakika ngapi?