Gia Ikipiga Kelele, Usikimbilie Kununua Giaboksi

Siku hizi vikundi vingi vina gari la kubebea maziwa, mboga au mchanga. Gari likienda vizuri tunalisahau. Likianza kulia tunashtuka, na mara nyingi tunatoa pesa kabla ya kuuliza.

Kikundi kimoja tunachokitembelea kina pikapu ya Toyota Hilux ya dizeli ya kupeleka maziwa. Mkono wa gia, au gia leva kama madereva wanavyosema, ulikuwa umepinda. Wakanunua mwingine dukani, mfupi, unaong'aa, chuma kitupu. Muuzaji aliusifu sana. Wiki hiyo hiyo kelele ikaanza: dzzzz, gari likifika kilomita 60 kwa saa, hata kiganja cha dereva kikawa kinakufa ganzi. Fundi wa kwanza akasema, "Hii giaboksi imeisha." Mkutano ukaitwa. Wengine wakasema dereva ndiye ameiharibu, akatwe mshahara. Mweka hazina alikuwa tayari kutoa pesa za mbolea zinunue giaboksi kuukuu. Tuliomba wangoje siku mbili, tukaleta fundi mwingine, mzee wa miaka mingi katika kazi hiyo. Aliyotuonyesha ndiyo haya.

Katika Hilux, mkono wa gia umesimama juu ya giaboksi yenyewe. Giaboksi imeshikana na injini, na injini ya dizeli hutetemeka wakati wote. Basi mtetemo upo tangu gari likiwa jipya. Mbona hausikiki? Ni kwa sababu watengenezaji huweka kitu laini kati ya chuma na chuma. Mikono mingi ya kiwandani ina mpira ndani, unaotenganisha sehemu ya juu na ya chini. Pale mkono unapoingia giaboksi kuna bushi ya plastiki, kitu kidogo kama kizibo cha chupa, na springi ya kuukandamiza mkono usicheze. Juu yake kuna mfuko wa mpira wa kuzuia kelele, joto na vumbi. Mkono wa dukani haukuwa na mpira ndani, na aliyeufunga aliiacha bushi ya zamani, ambayo ilikuwa imelika na kupasuka. Mfuko nao haukurudishwa. Si ajabu gari lililia!

Mzee hakuanza na spana. Alisimamisha gari, akavuta breki ya mkono, akaweka gia nyutro, akakanyaga mafuta polepole mpaka kelele ikaja. Kisha akaushika mkono wa gia kwa vidole viwili. Kelele ikakatika. Kama ingekuwa inatoka kwenye meno ya gia, kuushika mkono kusingeizima. Jambo hili dereva yeyote anaweza kulijaribu bila kulipa senti.

Halafu akajaribu klachi. Kukiwa na mvumo gari likiwa nyutro, na ukikanyaga klachi unapotea, shuku beringi za giaboksi. Kelele ikija pale tu unapokanyaga, shuku beringi ya klachi. Hapo ndipo giaboksi hushushwa kweli. Na mkono ukiruka mbele na nyuma kila ukikanyaga na kuachia mafuta, tazama mipira inayobeba injini na giaboksi.

Matengenezo hayakumaliza asubuhi. Wekeni mawe kwenye magurudumu kwanza, maana mkono ukitoka hakuna gia ya kulishikilia gari. Pangusa vumbi lote kabla ya kufungua. Kwa Hilux nyingi za zamani kuna kifuniko unachokikandamiza chini na kukizungusha kinyume cha saa, mkono unatoka. Ziba tundu kwa kitambaa safi mara moja. Mchanga ukianguka mle ndani, mtanunua giaboksi kweli. Vipande vya bushi iliyovunjika vitolewe vyote. Weka bushi mpya, ipake grisi, angalia springi haijalegea, rudisha mfuko.

Mzee alitafuta mkono wa kiwandani uliotumika kwa wauza spea kuukuu. Kabla ya kulipa, aliushika juu na chini akajaribu kuuzungusha. Ukicheza ovyo, mpira wa ndani umekufa. Mkikosa wa kiwandani, wekeni bushi mpya hata hivyo, kazeni nati iliyo chini ya kichwa cha gia, na jaribuni kichwa kizito zaidi. Uzito hupunguza kule kutetemeka kwa mkono, ingawa hauondoi chanzo. Kuchomelea mkono ukiwa bado ndani ya gari tunakataa kabisa: umeme wa kuchomelea unaweza kupita kwenye beringi na kuzila. Kusokomeza matambara pia si kazi, ni kuficha ugonjwa.

Magari madogo ambayo gia zake huvutwa kwa kebo hayana mkono juu ya giaboksi. Humo tazameni bushi za ncha za kebo.

Hilux ile bado ina mvumo kidogo, dizeli ni dizeli, lakini dereva hakukatwa mshahara na mbolea ilinunuliwa. Ule mkono unaong'aa uko stoo. Muuzaji amekataa kuurudisha.