Wajibu wa Anayetangaza Sarafu za Mashaka

Huduma za sarafu za kidijitali zenye mashaka hazienei bila watu wa kuzitangaza. Mara nyingi mwanzilishi yuko nchi ya mbali na hajulikani kwa sura wala kwa anwani. Anayemfikia mwananchi ni mwingine: mtu mwenye wafuasi wengi mtandaoni, kiongozi wa kundi la WhatsApp, jirani au ndugu. Huyo hupewa ujira wa tangazo lenyewe, au hupewa linki yake maalumu ili apate kamisheni kwa kila anayejiunga kupitia linki hiyo. Fedha za watu zinapopotea, lazima iulizwe na yeye anabeba lawama kiasi gani.

Kisa cha BitConnect kinatoa jibu. Kampuni hiyo iliwataka watu wanunue sarafu yake kwa bitcoin, kisha waikopeshe kampuni. Iliahidi faida iliyoweza kufika asilimia 40 kwa mwezi, ikidai kwamba ina programu ya kompyuta inayofanya biashara kwa niaba yao. Waliosambaza habari hizo walikuwa watangazaji waliojirekodi kwenye YouTube wakionyesha faida waliyopata. Januari 2018 wasimamizi wa masoko katika majimbo ya Texas na North Carolina nchini Marekani waliiamuru isimamishe shughuli zake huko. Mwezi huohuo mpango wa mikopo ulifungwa na bei ya sarafu ikaporomoka. Kwa maelezo ya waendesha mashtaka, waliotangulia walikuwa wakilipwa kwa fedha za waliofuata, na jumla ya fedha zilizokusanywa ilifika dola bilioni 2.4. Mtangazaji wake mkuu nchini Marekani, Glenn Arcaro, alikiri kosa mwaka 2021, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miezi 38. Kamisheni yake iliweza kufika asilimia 15 ya fedha zilizowekezwa.

Katika mpango wa aina hii tangazo lina kazi kubwa kuliko katika biashara ya kawaida. Sabuni mbaya inaweza kutangazwa na bado ikabaki sabuni. Huduma inayolipa wa zamani kwa fedha za wapya haina bidhaa nyingine isipokuwa watu wanaoletwa na matangazo. Kwa hiyo anayeitangaza ni mmoja wa wanaoiendesha, hata kama hajawahi kukanyaga ofisi zake. Madhara nayo ni mazito, kwa kuwa malipo ya sarafu za kidijitali yakishathibitishwa hakuna benki ya kuyarudisha.

Wajibu wa kwanza wa mtangazaji ni uwazi. Dalali wa nyumba hupata kamisheni na hakuna anayemlaumu, kwa sababu mpangaji anajua tangu mwanzo kwamba ni dalali. Kosa ni kulipwa huku ukijifanya rafiki anayetoa ushauri. Oktoba 2022 nyota wa televisheni Kim Kardashian alikubali kulipa dola milioni 1.26 ili kumaliza shauri la wasimamizi wa masoko ya mitaji wa Marekani. Alikuwa ameitangaza sarafu ya EthereumMax kwenye Instagram bila kueleza kwamba amelipwa dola 250,000.

Uwazi peke yake hautoshi, kwani hata aliyetaja malipo yake anaweza kuwapeleka watu shimoni. Wajibu wa pili ni kuchunguza: nani anamiliki huduma, ina leseni gani, na faida inatoka wapi. Asiyeweza kuyajibu maswali hayo hana haki ya kumshawishi mwingine atoe akiba yake. Wajibu wa tatu ni kusitisha tangazo na kuwaonya watu mara dalili mbaya zinapojitokeza.

Baadhi ya watangazaji hujitetea kwamba walizungumza na umma tu, bila kumlenga mtu yeyote. Februari 2022 mahakama ya rufaa ya shirikisho mjini Atlanta, katika shauri la wahanga wa BitConnect, iliamua kwamba video zinazotolewa kwa umma nazo zinaweza kuhesabiwa kuwa ushawishi wa kuuza. Wengine huwaambia wafuasi wajifanyie utafiti wenyewe. Maneno hayo hayana uzito yanapowekwa chini ya tangazo lililojengwa ili mtu asisite. Ili kupunguza haraka ya aina hiyo, Uingereza, tangu Oktoba 2023, imepiga marufuku bonasi za kuleta marafiki katika biashara ya sarafu za kidijitali, na mteja mpya hupewa saa 24 za kutafakari kabla ya kuendelea.

Afrika Mashariki nayo imeguswa. OneCoin, utapeli ulioanzishwa Bulgaria mwaka 2014 na kukusanya zaidi ya dola bilioni 4 duniani, ulipata wateja hadi Uganda kupitia mtandao wa wauzaji waliolipwa kwa kuleta wenzao. Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tahadhari kwa umma dhidi ya kuuza, kutangaza na kutumia sarafu za kidijitali. Kenya ilipitisha mwaka 2025 sheria ya kuwapa leseni na kuwasimamia watoa huduma za mali za kidijitali.

Hata hivyo, sheria nyingi hufika baada ya hasara, wakati mtangazaji anakuwapo kabla ya shilingi ya kwanza kutolewa. Akikataa kazi asiyoielewa, utapeli unakosa njia ya kuwafikia watu wanaomwamini.